Pembe, Mlango na Orodha: Mali ya Kasongo na Kabambare

Wafanyabiashara wa pwani walipoanza kuingia Maniema, mashariki mwa Kongo ya leo, katika miaka ya 1860, walikuta pembe za ndovu zimesimama milangoni. Wenyeji walizitumia kama miimo na nguzo za kushikilia paa. Nyingine ziliachwa porini pale ndovu alipoangukia, zikaharibiwa na mvua na kutafunwa na panya. Msafiri David Livingstone alimsimulia mwandishi Henry Morton Stanley habari hiyo, na Stanley akaitangaza Ulaya na Marekani katika kitabu chake cha mwaka 1872. Pembe hizo hazikufungiwa kwa komeo wala kuwekewa zamu ya usiku. Ndovu aliwindwa kwa ajili ya nyama, na hakuna aliyekuwa na haja ya kung'oa mwimo wa mlango wa jirani yake.

Haja ilikuwa mbali sana na hapo. Mafundi wa Bombay na Kutch waliipenda pembe ya Afrika Mashariki kwa sababu ni laini na huchongeka bila kupasuka, wakaigeuza bangili za maarusi. Huko Deep River, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, kampuni ya Pratt, Read ilikata vipande vyembamba vya pembe iliyopita Unguja na kuvibandika kwenye vibonyezo vya piano. Pembe iliyopatikana Maniema kwa shanga na waya wa shaba ilikuwa mali kubwa ilipopakuliwa pwani. Mtu wa Kabambare, mji mdogo wa Maniema, alikuwa na hazina mlangoni pake bila kuijua bei yake, na mgeni aliyeijua hakumwambia. Ndivyo uporaji ulivyoanza katika nchi ile: mlango haukuvunjwa, mwenye nyumba alisaidia kuung'oa.

Livingstone mwenyewe alifika Kabambare, ambayo katika shajara zake anaiita Bambarre, mwezi Septemba 1869. Alikuwa akisafiri na msafara wa Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara aliyemlisha na kumuuguza mara nyingi. Mwaka uliofuata vidonda vya miguu vilimlaza hapohapo Kabambare, naye akakaa huko kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871. Alikuwa hana nguo za kubadilishana wala shanga za kununulia chakula. Mali yake ilikuwa imetumwa kutoka Unguja na kuwekwa Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, chini ya mtu mmoja aliyeitwa Sherifu. Mgonjwa wa Kabambare alivumilia kwa kujua kwamba akirudi Ujiji atakuta akiba yake.

Alirudi Oktoba 1871. Katika yadi 3,000 za kaniki na marekani hakukuta hata yadi moja. Katika ratili 700 za shanga hakukuta hata uzi mmoja. Sherifu alikuwa amepiga ramli, ramli ikamwambia Livingstone amekufa Maniema, naye akauza kila kitu na kununua watumwa na pembe kwa ajili yake mwenyewe. Mwizi alikuwa mtunzaji, tena mwenye funguo. Ujiji ilijaa waungwana waliomjua Livingstone na waliojua mali ni ya nani, lakini hapakuwa na mtu wa pili aliyekabidhiwa hesabu, na Sherifu hakuulizwa na yeyote mpaka mwenye mali alipotokea amedhoofu kama kivuli. Kilichombakia Livingstone ni kujua kiasi hasa kilichopotea, na ndiyo maana hata leo tunaweza kukitaja.

Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa ameona jambo baya kupita hilo. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, watu wa misafara walifyatua bunduki katikati ya wanawake waliokuja kuuza samaki, vyungu na mafuta. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wakiwa wamezama mtoni. Wakati huohuo vijiji vya ng'ambo vilikuwa vinachomwa na kuporwa. Kila tunapozungumzia hariri na fedha zilizokuja kujaa Kasongo, inafaa kukumbuka zilikotoka.

Mtu aliyeijenga Kasongo ikawa mji mkubwa ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kitabu cha mtu anayejua hesabu ya mali yake. Anaeleza jinsi alivyompiga chifu Nsama wa Itawa mwaka 1867 na kuchukua frasila 1,950 za pembe, yaani zaidi ya tani 30. Boma la Nsama lilikuwa na sifa ya kutoingilika. Waarabu waliomtangulia walikuwa wameshindwa. Hazina ile iliyokuwa imekusanywa kwa miaka ilitoka kwa mkupuo mmoja.

Njia ya pili aliyoitumia Tippu Tip haikuhitaji baruti nyingi. Aliposikia kwamba Kasongo Rushie, chifu mzee wa Utetera, aliwahi kupoteza dada zake waliotekwa zamani, alijitokeza na kudai kuwa yeye ni uzao wa mmoja wao, kwa upande wa mama. Mzee akafurahi, akampokea kama damu yake, akamkabidhi utawala na haki ya kuletewa pembe. Tippu Tip anasimulia kisa hiki bila haya. Wezi wanaopiga hodi wakiwa na jina la ndugu aliyepotea wapo hadi leo, kwenye simu na kwenye milango, na Utetera ilimjua mmoja wao kabla ya simu kuwepo.

Mnamo mwaka 1875 hivi alifika Kasongo na kuifanya makao. Mji ukakua haraka. Mashamba ya mpunga, muhindi, miwa, michungwa na mipera yalitanda kuuzunguka, yakilimwa na watumwa. Waungwana walijenga nyumba za udongo za pembenne zenye ua, na pamoja na nyumba wakaja na desturi ya pwani ya kuhifadhi mali. Mgeni hupokelewa barazani. Akiwa wa karibu, hufika ukumbini. Ndani kabisa, kwenye chumba cha wanawake, ndiko liliko sanduku la mbao lililopigwa misumari ya shaba, mara nyingi likiwa na droo ya siri ambayo mtu asiyelijua angeweza kulitazama mara kumi asiione. Mlango ulifungwa kwa komeo na pingo, na juu yake iliandikwa aya au kutundikwa hirizi. Hata hirizi yenyewe ilikuwa pambo: kijaluba cha fedha kwenye mkufu, na karatasi iliyoandikwa maneno ya Mungu ndani yake.

Vito vya wanawake wa pwani vilikuwa zaidi ya urembo. Reale za Maria Theresa ziliyeyushwa na masonara zikawa vikuku, furungu na mikufu, na kwa sheria ya Kiislamu mahari na mapambo ya mke ni mali yake, hata mumewe hana idhini ya kuyauza. Mwanamke alivaa benki yake. Aliyekuwa na vikuku vya fedha miguuni alikuwa na nauli ya kurudia kwao, dawa ya mtoto na chakula cha mwaka wa njaa. Ndiyo maana mama huyo alipolala, ufunguo wa sanduku ulikuwa kiunoni mwake.

Ghala za pembe zilikuwa na ulinzi mwingine. Pembe huogopa jua, kwa kuwa hupasuka. Katika sehemu nyingi za bonde la Kongo machifu walizika akiba zao ardhini, na udongo ukafanya kazi mbili, kuzificha na kuzihifadhi. Wafanyabiashara wa Kasongo waliziweka ndani, chini ya watu wenye bunduki, wengi wao wakiwa watumwa au vijana wa Kimaniema waliolelewa katika nyumba za mabwana zao. Fikiria hali hiyo. Mali iliyopatikana kwa kuvamia vijiji vya watu ilikuwa inalindwa na watoto wa vijiji hivyohivyo.

Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890. Leopold II wa Ubelgiji, aliyekuwa mwenye Dola Huru ya Kongo, alikuwa amemfanya gavana wa Stanley Falls tangu 1887, na kwa miaka kadhaa pande mbili zilivumiliana. Aliporudi Unguja aliacha Kasongo mikononi mwa mwanawe Sefu. Mwaka 1892 vita vilizuka kati ya Waarabu na dola hiyo ya Leopold. Ngongo Lutete, aliyekuwa jemadari wa Waarabu na mkusanya pembe wao mkubwa, alihamia upande wa dola na askari wake wote. Alikuwa anazijua njia, boma na ghala za mabwana zake wa zamani. Desemba mwaka huo maofisa wawili wa Kibelgiji waliokuwa wakiishi Kasongo, Lippens na De Bruyne, waliuawa.

Jeshi la dola, likiongozwa na Francis Dhanis, liliingia Nyangwe mwezi Machi 1893, na tarehe 22 Aprili likaiteka Kasongo. Mji uliokuwa na makazi ya watu 60,000, kwa makadirio ya daktari wa jeshi hilo, Mwingereza Sidney Hinde, ulianguka kwa saa chache tu. Watu walikimbia ghafla wakaacha kila kitu mahali pake. Hinde aliandika walichokikuta: magodoro ya hariri na atlasi, vitanda vilivyochongwa, vyandarua, mishumaa, sukari, viberiti, vikombe vya fedha na vya kioo. Askari wa kawaida, anasema, walilala juu ya hariri. Kwenye ghala kulikuwa na pembe zipatazo tani 25, baruti tani 10 au 11, na risasi za kila aina ya bunduki. Zikapatikana pia shajara za Emin Pasha, Mjerumani aliyeuawa Oktoba 1892 upande wa kaskazini. Vitu vya marehemu vilikuwa vimesafiri mpaka Kasongo na kuhifadhiwa humo.

Orodha hiyo ya Hinde imo katika kitabu chake kilichochapishwa London mwaka 1897. Isome tena uone kinachokosekana. Kuna tani za pembe, kuna vikombe, lakini hakuna jina la mwenye nyumba hata moja, wala la mwanamke aliyeacha sanduku lake wazi. Vikuku na mikufu vilivyoingia mifukoni na mikobani mwa askari siku hiyo havikuandikwa na mtu yeyote. Pembe ziliandikwa kwa sababu dola ilikuwa inazitaka. Zilikwenda Antwerp, ambako soko la pembe lililofunguliwa mwaka 1888 lilikuwa katika miaka hiyohiyo linaipita London.

Vita vilihamia mashariki, upande wa Kabambare. Sefu alikuwa ameshakufa vitani kabla ya mwaka 1893 kwisha. Aliyebaki ni Muhammad bin Khalfan el-Barwani, maarufu Rumaliza, bwana wa Ujiji. Huyu alijua kujenga boma. Magogo yalichimbiwa wima yakiwa yamebanana, handaki likazunguka nje, na ndani watu walichimba mashimo yaliyofunikwa kwa miti na udongo ili makombora yasiwafikie. Mzinga wa Krupp wa Wabelgiji ulipiga mara nyingi bila kuleta madhara makubwa. Ila ndani ya boma kulikuwa na nyumba zilizoezekwa kwa nyasi. Tarehe 14 Januari 1894 kombora moja liliwasha paa, moto ukaruka kutoka nyumba hadi nyumba, na waliokuwa wamejihami kwa magogo na mahandaki wakatolewa nje na moshi. Siku chache baadaye, tarehe 25 Januari, Kabambare ikatekwa. Rumaliza akaokoa roho yake akaishia pwani.

Mshindi naye alijaza ghala palepale Kabambare, kituo cha dola chenye silaha na bidhaa, kikilindwa na askari wenye nidhamu ya Ulaya. Askari hao walikuwa Waafrika waliolipwa kidogo na kupigwa kiboko sana, na baadhi walikuwa watu wa Ngongo Lutete, ambaye Wabelgiji walimwua Septemba 1893 licha ya huduma yake yote. Mwaka 1897 kikosi kikubwa cha Dhanis kiliasi kikielekea mto Nile. Waasi wakateremka kusini, na Novemba 1898 wakaichukua Kabambare pamoja na kilichokuwemo. Ilikuwa mara ya pili kwa ghala za mji huo mdogo kubadilisha mwenyewe katika muda usiofika miaka mitano, na safari hii waliovunja mlango walikuwa wameajiriwa kuulinda.

Yafaa sasa kutazama kaskazini kidogo, Pangi, katika nchi ya Walega, kwa sababu huko hazina ya pembe ililindwa kwa namna tofauti kabisa. Chama cha Bwami kilikuwa na ngazi, na waliofika ngazi ya juu, iitwayo kindi, walishika sanamu ndogo za pembe ziitwazo maginga. Vitu vingine vilikuwa vya mtu mmoja mmoja, vingine vilikuwa vya pamoja, vikikaa ndani ya kikapu chenye mtunzaji aliyeteuliwa. Kwenye sherehe vilitolewa, vikapakwa mafuta, vikapangwa mbele ya wanachama wote, kisha vikarudishwa. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, aliyeishi na Walega mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliyaeleza hayo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1973.

Utaratibu huo ulikuwa na akili. Kila sherehe ilikuwa ukaguzi: macho ya wakubwa wote yaliona kilichopo, na kilichokosekana kingejulikana siku hiyohiyo. Sanamu haikuwa na bei kwa mwizi wa kijijini, maana mtu asiye na ngazi akionekana nayo alikuwa amejishitaki mwenyewe. Mwanachama alipokufa, sanamu ilikaa ndani ya ukoo ikisubiri mrithi apande mpaka astahili kuishika. Kilichouvunja ulinzi huo kilitoka nje. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Bwami, na vitu ambavyo mwizi wa mtaani hakuvithubutu vikaanza kuishia kwenye makabati ya wakusanyaji wa Brussels, Antwerp na New York.

Uhuru ulikuja mwaka 1960, na nyumba za Maniema hazikupata utulivu wa muda mrefu. Waasi wa Simba waliingia Kindu Julai 1964, na vita vikaenea hadi Kasongo na Kabambare. Waasi wa RCD waliichukua Kindu Oktoba 1998, na kwa miaka iliyofuata mashambani kulikuwa na wanamgambo wa Mai-Mai na mijini askari wa RCD. Raia alikuwa katikati. Mali ya nyumba katika miaka hiyo ilikuwa sufuria, baiskeli, redio, mabati ya paa na, kwa wanawake, vikwembe, yaani vitenge. Kikwembe cha wax kizuri hununuliwa kwa akiba ya miezi, hutolewa kama mahari, hukunjwa na kuwekwa sandukuni bila kukatwa, na huuzwa siku ya shida. Kwa familia nyingi za mashariki mwa Kongo hicho ndicho kito cha thamani. Wavamizi walilijua hilo vizuri. Waliingia chumbani na kuliendea sanduku la mama moja kwa moja.

Watu walijifunza kutoweka kila kitu mahali pamoja. Vingine vilizikwa, vingine vilipelekwa kwa ndugu wa mbali, vingine vilivaliwa kimoja juu ya kingine wakati wa kukimbilia msituni. Na fedha taslimu ikapelekwa kwenye likelemba, ambako kila mwanachama hutoa fungu lake na zamu hupokezana. Pesa inayozunguka mikononi mwa akina mama kumi haikai nyumba moja ikimsubiri mwizi. Tuliotazama benki za mjini zikifunga milango wakati wa vita hatuwezi kuidharau njia hiyo. Nguvu yake ni ileile ya kikapu cha Bwami: wengi wanajua nani ana nini.

Kisha kuna dhahabu. Salamabila, ndani ya eneo la Kabambare, iko juu ya miamba yenye dhahabu, na kampuni ya Kanada iitwayo Banro ilijenga mgodi wa Namoya, ikatangaza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Mgodi ulikuwa na uzio, walinzi, askari na polisi. Machi 2017 wafanyakazi watano, mmoja wao Mfaransa, walitekwa nyara. Julai 2019 wakatekwa wengine wanne. Kundi la Mai-Mai Malaika lilisema linatetea wenyeji waliopoteza ardhi na machimbo yao bila kutimiziwa ahadi. Lilikuwa pia linajilisha kutokana na dhahabu hiyohiyo. Septemba 2019 Banro ilisimamisha kazi. Kuteka watu ni uhalifu, na hakuna lalamiko linalouhalalisha. Pamoja na hayo, mtu aliyesoma habari za mwaka 1898 anaona jambo analolifahamu: uzio unaozungukwa na watu wasio na fungu lolote katika kilichomo ndani hauna usingizi.

Kwa mtu wa kawaida wa Kasongo, dhahabu hiyo humfikia kwa umbo dogo: hereni za binti, pete ya ndoa, mkufu ulionunuliwa baada ya mavuno mazuri. Pembe iliyoibwa huweza kutambuliwa kwa mkunjo wake, ufa wake na urefu wake. Dhahabu ni shahidi mbaya. Huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, joto ambalo tanuri dogo la sonara hulifikia, na mkufu ulioibwa jioni unaweza kuwa tonge la madini kabla ya alfajiri. Likishayeyuka halina mwenyewe. Ndiyo maana vito vilivyoibwa hurudi mara chache sana, hata penye polisi wengi na wenye vifaa.

Kinachosaidia ni cha kabla ya wizi. Kito kipimwe uzito, kwa gramu au kwa tola, ile tola ya wafanyabiashara wa Kihindi yenye gramu 11.66. Kipigwe picha pande zote mbili, pamoja na alama yoyote ya sonara. Stakabadhi ya ununuzi ikae mahali pengine, kwa ndugu au katika simu ya mtu wa pili, maana anayebeba kito mara nyingi hubeba na daftari lililoko pembeni yake. Sonara mwenye jina jema mtaani apewe habari haraka, kwa kuwa mwizi anamhitaji kuliko anavyomhitaji mtu mwingine. Na mtunzaji mmoja asiachwe peke yake na funguo na hesabu. Livingstone alilipa gharama kubwa Ujiji kwa kosa hilo.

Kazi ya orodha si ya nyumba moja moja tu. Tarehe 17 Februari 2022, mjini Tervuren, Waziri Mkuu wa Ubelgiji Alexander De Croo alimkabidhi mwenzake wa Kongo, Jean-Michel Sama Lukonde, orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vya Kongo vilivyomo katika jumba la makumbusho la AfricaMuseum. Tarehe 3 Julai mwaka huohuo Ubelgiji ikapitisha sheria inayoruhusu kurudisha mali iliyochukuliwa kati ya 1885 na 1960, pindi nchi mbili zikifanya makubaliano. Nyaraka na mabaki ya miili ya watu hayamo katika sheria hiyo. Siku ya Aprili 1893 ambapo Kasongo iliporwa imo ndani ya miaka hiyo, na Januari 1894 ya Kabambare imo pia, na 1948 ya Bwami.

Kwa hiyo wazee wa Kasongo na Kabambare, walimu wa historia, maimamu na maaskofu wa Maniema, na wabunge wa jimbo hilo kule Kinshasa wana jambo la kufanya wakati wakongwe wenye kumbukumbu za familia wangali hai. Waandike wanachokijua: nyumba ya nani ilikuwa wapi, ilikuwa na nini, nani alisema kilichukuliwa na nani. Wayalinganishe maandishi hayo na orodha iliyotoka Tervuren, ukurasa kwa ukurasa. Orodha ya 1893 iliandikwa na aliyechukua, na hii ya 2022 imeandikwa na aliyehifadhi alichochukua mwenzake. Ya mwenye mali bado haijaandikwa, na inahitajika mezani kabla ya makubaliano kutiwa saini.